Hatutui Mtu Njiani

Kunywa maji mengi. Ndiyo dawa ya kila kitu mtandaoni siku hizi. Kichwa kinauma, kunywa maji. Chunusi, kunywa maji. Mtu amekaa kwenye kochi, bomba liko hatua sita, anakuandikia lita tatu kwa siku kama vile kagundua dhahabu. Sawa, figo zinataka maji, hilo halina ubishi. Ila kabla hujamwambia mtu anywe, muulize kwanza nani anayateka.

Mwaka 1972 Wilhelmina alikuwa na miaka ishirini na mbili na alikuwa anabeba maji kila siku iliyokuja duniani. Debe zima, lita kumi na nane, kichwani. Yeye mwenyewe alikuwa anakunywa vikombe viwili kwa siku. Vitatu kama kuna sherehe.

Kijiji chao kilikuwa upande wa Makote, Newala, juu kabisa ya uwanda. Walihamishiwa pale wakati wa vijiji vya ujamaa. Nyumba zimepangwa mistari kama madawati, barabara ipo, zahanati ipo, bendera ipo. Maji hayapo. Bomba lilisimama katikati ya kijiji, na kazi yake kubwa ilikuwa kufungiwa mbuzi. Mvua ya kule ikinyesha inazama mchangani, na ukiitaka tena unaifuata bondeni, mteremko unaotazama Mto Ruvuma. Kushuka saa nzima. Kupanda na debe, karibu saa mbili. Na ng'ambo ya mto kulikuwa na vita, Mreno na wapigania uhuru wa Msumbiji, kwa hiyo kuna siku unapanda huku vishindo viko mgongoni kwako, na hakuna anayejua ndege itakosea njia saa ngapi.

Ndiyo maana wanawake walikuwa na sheria yao. Mnashuka pamoja, mnajaza, mnatwishana, mnapanda bila kusimama. Debe lililojaa huwezi kujitwisha peke yako. Anayekutwisha lazima awe na mikono mitupu, kwa hiyo akitua mmoja njiani, mwingine naye atue ili amsaidie, halafu wa tatu amsaidie huyo, na mstari mzima umekwisha. Basi hakuna kutua. Na kama hakuna kutua, hakuna kukojoa. Na kama hakuna kukojoa, usinywe. Mwanamke anakaa kisimani, maji yanapita kwenye vidole vyake, anasukutua mdomo, anatema, anaondoka.

Bibiana, Mama Fatu, ndiye aliyekuwa anaongoza mstari. Mwili mkubwa, sauti kubwa zaidi. "Hatutui mtu njiani," alikuwa anasema kila asubuhi, kama wengine wanavyosema shikamoo.

Wenzake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao. Mama Fatu, Mama Fakihi, Mama Dadi. Wilhelmina alikuwa Wilhelmina tu. Mimba mbili zilishatoka, zote zikiwa na miezi mitano, zote zikianza vilevile: mkojo unachoma, kiuno upande mmoja kama kimepigwa mchi, homa ya kutetemeka, halafu damu. Kijijini wakasema karogwa. Wengine wakasema Pancras, mumewe, ndiye mwenye kasoro. Pancras alikuwa anaishi kwa wakwe, kama desturi ya kule, hivyo hayo maneno alikuwa anayala na ugali kila siku.

Mimba ya tatu ilipofika mwezi wa nne, mkojo ukaanza kuchoma.

Safari hii hakungoja homa. Alikwenda zahanati. Mganga alikuwa Dastani, mtu wa Bukoba, kijana mwembamba mwenye miwani, aliyeletwa na serikali na hakuwa amezoea chochote. Alimpa chupa, akamwelekeza chooni. Wilhelmina akarudi na kitu cha rangi ya chai ya rangi iliyochemka mpaka ikasahaulika jikoni.

"Dada, unakunywa maji kiasi gani?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha nani?"

Wilhelmina akainua vidole viwili.

Dastani alivua miwani, akaishika karibu na mdomo wake. "Hebu pumua hapa. Kwa mdomo." Akapumua. Kioo kikafunga ukungu. "Umeona? Hayo ni maji. Hewa unayovuta inaingia mapafuni, kwenye vifuko vidogo sana, maelfu kwa maelfu. Damu inapita pale, inachukua hewa safi, inaacha chafu. Ile chafu ikitoka, inatoka na unyevu. Ukiwa umekaa, kidogo tu. Ukipanda mlima na debe, unahema kama mbwa, unatoka jasho. Mlima wenu unakukamua wewe kabla hujafika nyumbani."

"Sasa mkojo na pumzi vinahusianaje?"

"Damu ni ile ile. Mapafu yanaondoa uchafu wa hewa. Uchafu mwingine unabaki, huo ni kazi ya figo." Akaweka ngumi yake mgongoni mwake mwenyewe, chini ya mbavu. "Mbili, kila moja kama ngumi. Damu yako yote inapita humo, siku nzima, tena na tena, inachujwa. Zinarudisha kinachofaa, zinatoa kisichofaa. Lakini uchafu hautembei mkavu, unabebwa na maji. Maji yakiwa machache, figo zinabana, mkojo unakuwa mzito kama huu. Unateremka kwenye mirija miwili mpaka kibofuni. Hapo ndipo ugomvi wako ulipo."

Wilhelmina alijua kuchuja. Kila siku alikuwa anachuja maji ya bondeni kwa kipande cha kanga. Alijua pia kanga isiyosuuzwa inanuka nini siku ya tatu.

"Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi," Dastani akaendelea. "Vijidudu vinapanda. Ukikojoa mara kwa mara vinasombwa vyote. Ukibana saa tatu, nne, vinazaana humo kibofuni, vikichoka vinapanda mpaka kwenye figo. Ndiyo kile kiuno. Ndiyo ile homa. Na homa ile ndiyo inayofukuza mimba. Hakuna aliyekuroga."

Akamhesabia vidonge vya salfa, akavifunga kwenye karatasi. "Hivi ni vya siku saba. Ila sikiliza. Ukivimeza bila maji mengi vinaganda kama chenga ndani ya figo, vinakuumiza zaidi. Maji, dada. Vikombe nane, kumi. Na usibane mkojo hata siku moja. Ukifanya hivyo, huyu utambeba."

Wilhelmina alimtazama, akatazama mtungi wa zahanati uliokuwa pembeni.

"Hayo maji ya humo unajua nani kayaleta?"

"Nani?"

"Jumanne ni zamu yangu."

Dastani akarudisha miwani machoni. "Kwetu," akasema mwisho, "ziwa liko pale."

"Basi lilete."

Alipofika mlangoni akageuka. "Wanasema ukinywa kisimani pumzi inabana mlimani. Uongo?"

"Si uongo wote. Chini ya mapafu kuna kiwambo cha nyama, kinashuka ukivuta hewa. Tumbo likijaa linakisukuma. Kwa hiyo usijijaze kwa mkupuo. Kunywa, pumzika, kunywa tena."

Pumzika! Mtu wa Bukoba bwana.

Kesho yake kisimani Wilhelmina alimeza kidonge, akachota kwa kibuyu, akanywa. Akachota tena. Wanawake wakaacha kujaza.

"Haya, leo kuna mtu anabebea tumboni," akasema Mama Fakihi. Wakacheka.

Bibiana hakucheka. "Wilhelmina, unaujua ule mlima?"

"Naujua, dada."

"Hatutui mtu njiani."

"Najua."

Akanywa cha tatu. Wakamtwisha. Nusu ya mlima, pale njia inapokata kona kwenye mawe meupe, kibofu kikaanza kudai. Akapanda hatua hamsini zaidi. Kiuno kikaanza kugonga. Ng'ambo ya mto kikasikika kishindo, kisha kingine, na mstari ukaongeza mwendo.

"Mama Fatu, nitueni."

"Unasikia hayo mabomu?"

"Nasikia. Nitueni."

"Tembea, mwanamke. Nyumbani kuna choo."

Wilhelmina alisimama. Mpaka leo akisimulia anasema hakuwa na ushujaa wowote, alikuwa amechoka tu. Kuchoka kwa aina ile ambayo huogopi tena kuchekwa. Alipiga magoti peke yake, shingo ikitetemeka, akalivuta debe likamtoka mikononi, maji yakammwagikia kifuani. Debe lenyewe likakaa wima, bado na maji. Akaingia kichakani. Alipotoka, njia ilikuwa tupu. Sauti za wenzake zilikuwa juu huko, zinapungua.

Alijaribu kulinyanyua mpaka gotini, likashindikana. Akainama akanywa kutoka mle mle. Akamwaga kidogo, akajaribu. Akamwaga tena. Ukitaka kujua uchungu, usiulize habari za mabomu, muulize mwanamke wa Newala aliyemwaga maji kwa mkono wake mwenyewe. Lilipobaki nusu akaweza kujitwisha.

Mama yake, Imakulata, alikuwa mlangoni na sufuria tupu.

"Shikamoo mama."

Haikuitikiwa. Mama alikuwa anachungulia ndani ya debe. "Nusu nyingine iko wapi?"

"Nimekuja nayo tumboni."

"Unanitania?"

"Mama, mjukuu unamtaka au hutaki?"

Pancras, aliyekuwa anatengeneza mpini wa jembe, akasema bila kuinua kichwa kwamba yeye ataoga Jumapili.

Ikawa hivyo. Miezi mitano, kila siku nusu debe. Alipanda nyuma ya mstari, peke yake, akitua pale kwenye mawe meupe. Mkojo ukarudi rangi ya maji ya mchele. Alichekwa, aliitwa mvivu, mama yake alinuna kila alipopika. Homa haikuja. Mtoto alizaliwa mwezi wa kiangazi, wa kike, wakamwita Justa.

Usisubiri niseme wanawake wote waliacha sheria yao. Hawakuacha. Dastani alihamishwa, bomba likaendelea kufungiwa mbuzi, na Wilhelmina akarudi kwenye debe zima, mtoto mgongoni, maana nyumba sasa ilikuwa na nepi.

Ila asubuhi moja, kwenye mawe meupe, yeye akiwa nyuma kama kawaida, alimkuta mtu kasimama katikati ya njia na debe kichwani. Mstari ulikuwa umeshamwacha. Ni Bibiana, mkono mmoja umeshika debe, mwingine umebana kiuno, upande mmoja. Anahema, macho chini.

Wilhelmina alipiga magoti, akatua lake, akajua hapohapo nusu yake ataimwaga, maana akishamtwisha mwenzake hatabaki wa kumtwisha yeye. Akanyoosha mikono juu.

"Mama Justa," akasema Bibiana, "nitue."