Nilimzika Mke Wangu, Nimemkuta Anapalilia Shamba la Kaka Yangu

Admin, jina langu usilitoe. Kijiji pia kiache, sema tu niko upande wa Olumbi. Nina miaka hamsini na mbili. Mke wangu alifariki, sijaoa tena. Binti yangu mmoja ameolewa Palma. Shule niliishia la tatu, naishi kwa bisikatu, leo napalilia shamba la mtu, kesho nashusha saruji kwenye gari. Nikikosea kuandika msinicheke. Sina pa kwenda kusema haya.

Tumezaliwa wawili tu, mimi na kaka. Mama yetu alikuwa na mkono. Mtu akipotelewa na mbuzi anakuja kwetu. Mama anamimina unga wa mtama chini, unasimama kama kichuguu kidogo, anataja jina la kilichopotea, anasema, "Rudi mahali pako." Jua halizami, mbuzi yuko zizini. Wakati wa kukimbia vita hata watoto wa watu walirudi kwa unga wa mama. Kaka alijaribu kabla yangu. Akamwita mbuzi wa jirani aje zizi letu, na mbuzi akaja. Mama alimrudisha mwenyewe kwa kamba. Alipokaribia kufa akanishika mimi, mdogo, akaniachia mkono wake. Kaka akasema, "Mama, mkubwa ni mimi. Ziwa tulilonyonya si moja?" Mama akamwambia, "Mkono wako unavuta tu. Haurudishi." Kaka akatoka. Hata kuzika hakuzika. Akahamia Pundanhar, tukawa kama hatujuani. Nikituma salamu, anamwambia aliyezileta, "Mwambie mwenye mkono nimezima masikio."

Halafu mke wangu akafa. Hapa nitamwita Somoe, si jina lake. Hakuumwa. Alikuwa anatwanga, akakaa chini, basi. Kaka akaja mazikoni, analia kunishinda mimi. Nikafurahi, wallahi. Nikasema kifo kimeturudishia undugu. Wanawake waliomuosha walisema ni mwepesi mno, sikusikiliza. Tulipomaliza kuzika kaka akanishika bega. "Mdogo wangu, mmiminie unga mkeo. Mwonyeshe mahali pake atulie, asije akakusumbua." Kwetu unga kaburini ni jambo la kawaida, lakini anamimina mtu mwingine, si mwenye mkono. Mama alinikataza. Siku ile sikuwa na akili. Nikamimina mbele ya watu, nikasema, "Somoe, hapa ndipo mahali pako." Kaka akaacha kulia palepale. Nililiona hilo, nikalipuuza.

Mvua hizi nikapata kazi ya kupalilia Pundanhar. Shamba la bosi limepakana na la kaka. La kaka safi, halina jani, na mtu wa kumlimia simuoni. Nikasogea mpakani. Magugu yametundikwa juu ya visiki, mizizi imetazama mbinguni, kila fungu limekazwa fundo kwa jani lake lenyewe. Sijaona mtu mwingine anayefanya vile. Somoe watu walikuwa wanamcheka, "We Somoe, unaanika magugu, utayapika?" Anawajibu, "Jani likilala chini na mvua, linafufuka. Mtalirudia ninyi, si mimi."

Nikangoja hapohapo. Jua la mchana lilipowaka, watu wote wameingia ndani, akatoka kwenye mihogo. Yeye. Jembe mkono wa kushoto kama zamani. Nikamwita kwa mdomo, hakugeuka. Nikang'oa jani nikampa. Akalipokea, akalitundika kwenye kisiki. Macho yake hayakupanda usoni kwangu hata mara moja.

"Shemeji hasikii," kaka kasimama nyuma yangu, anatafuna muwa. "Karibu, mwenye mkono. Umechelewa."

"Kaka, umefanya nini?"

"Mimi navuta tu. Si mlisema wenyewe?" Akatema makapi. "Mwite basi. Unga unao. Mwambie arudi mahali pake."

Nikafungua mdomo, nikaufunga. Yeye akacheka mpaka muwa ukamwanguka. "Umekumbuka sasa! Ulimwonyesha mwenyewe, watu wanatazama. Ukimwita leo anakwenda kulekule. Na anapumua huyo, mshike uone."

Nilimshika. Wa moto.

"Nipe mkono wa mama," akasema. Hapo hakucheka tena, sauti ilikuwa ya utoto wetu. "Nipe, nami nakurudishia mke nyumbani kwako. Mkono ni wangu. Mkubwa ni mimi."

Nikamuuliza, "Nikikupa utamwita nani tena?"

Akasema, "Binti yako hajambo kule Palma?"

Nikaondoka. Kazi ya watu nimeiacha katikati. Nimepita makaburini, juu ya kaburi la Somoe pameota mgomba, na hakuna aliyepanda. Sasa nilichozika nimekijua. Binti yangu sijamwambia. Akipiga simu ananiuliza, "Baba, mbona sauti hivyo?" Namwambia mafua.

Unga uliokwisha kusemewa hausemewi mara mbili, mama alinifundisha hivyo. Nikimwita Somoe, ataingia chini ya mgomba ule akiwa anapumua. Nikimpa kaka mkono, Somoe atarudi, na siku kaka akikasirika atamvuta mwanangu. Nikinyamaza, mke wangu anaendelea kumlimia, na hajui kama amechoka.

Ndugu zangu mnaosoma, msiniambie nisali, nasali. Unga nimetwanga mwenyewe, uko hapa kwenye ungo mbele yangu. Niambieni nifanye nini. Nikitaja jina lake, nimwambie aende wapi?