Mkono wangu wa mota ya waipa uligoma kushuka harusini

Wakuu, natumaini wote mko salama.

Nimewahi kucheza ngoma nikiwa na mkono unaoendeshwa na mota ya waipa ya gari. Ni hapa hapa Rusizi. Ulipanda mbele ya watu wa harusi, ukagoma kushuka. Sitii chumvi.

Nirudi nyuma.

Mwaka 94 nilipoteza mkono wa kushoto. Mdogo wangu alipopata mchumba, nilitaka kitu kimoja tu: kucheza kwenye harusi yake.

Kwa wasiojua, wanawake wa kwetu hucheza wameinua mikono yote miwili kama pembe za ng'ombe. Kiongozi wa kikundi, mama mmoja wa Mibirizi, akaniambia, "Maman, ng'ombe ya pembe moja tutaiweka wapi?"

Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda kulia chooni.

Kamembe kulikuwa na fundi wa redio, Papa Yusufu. Aliposikia akauliza, "Bega inafanya kazi? Basi leta hiyo bega."

Akachonga mkono wa mti mwepesi, akafunga mota begani na betri ya pikipiki mgongoni, chini ya nguo ya sherehe. Swichi nilishika kiganjani.

Mazoezini ulipanda na kushuka vizuri. Shida nilikuwa mimi. Mtu akinitazama tu, naushusha haraka. Papa Yusufu alikaa kwenye benchi akiangalia.

Siku moja kabla ya harusi aliuchukua, eti akakaze skrubu.

Siku yenyewe, wimbo ukaanza, nikabonyeza. Mkono ukapanda ukinguruma kama nyuki. Watu wote wakageuka.

Nikabonyeza ushuke. Wapi! Wenzangu walishashusha yao, mimi nimesimama na mti hewani.

Yule mama wa Mibirizi akanitazama, akainua mikono yake upya. "Musishushe, ninyi!" akawaambia wengine. Safu nzima ikainua. Waimbaji wakarudia ubeti. Mdogo wangu akatoka kwenye kiti cha bibi harusi, akaja kuinua yake kando yangu.

Nawashukuru wanawake wale mpaka leo. Nilijifunza kwamba watu niliokuwa nawakimbia ndio walionisubiri.

Wiki iliyofuata nikafungua mota. Waya wa kushusha haukukatika. Ulichomolewa, na ncha yake ikazungushiwa utepe, safi kabisa.

Nikaenda kumuuliza Papa Yusufu. Alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Bukavu kwa ndugu zake. Haukupita muda vita ikaanza kule, sijamwona tena.

Mafundi mliomo humu, mnasemaje? Alisahau kuurudisha ule waya, au alikusudia?