Profesa Aliyekusanya Sauti

Chuo nilichokiomba kiko ng'ambo, na kilitaka insha moja tu: mchague profesa wetu mmoja, ueleze kwa nini unataka akufundishe. Nilizipitia kurasa za walimu wao kama mtu anayetafuta nyumba ya kupanga, nikabaki na wawili. Mmoja alikuwa profesa wa maji, aliyewahi kuja Omani kupima mifereji ya kale inayoteremsha maji kutoka milimani. Mwingine alikusanya sauti za wazee wa pwani ya Afrika Mashariki na kuziweka mtandaoni, anayetaka azisikilize.

"Wa maji," mama alisema, macho yakiwa kwenye simu. Anafanya kazi wizarani na hupenda jambo liishe. "Huyo wa sauti atakupa nini? Masikio?"

Nilimchagua wa sauti.

Tunakaa Mawaleh, hapahapa Omani. Tangu soko la mboga lihame, mtaa una kimya ambacho bado hatujakizoea; mtu akifunga mlango nyumba ya tatu, unasikia. Siku hiyo nilikuwa sebuleni na kompyuta, sauti nimeifungulia wazi, bibi yuko jikoni anachagua choroko. Jua lilikuwa linazama. Katika rekodi niliyoifungua, profesa alikuwa amemwomba bikizee mmoja wa Unguja aoneshe jinsi watoto walivyoitwa warudi nyumbani magharibi. Bikizee akakohoa, akavuta pumzi, akaita. Aliita jina la utani, la kitoto, ambalo sikuwahi kulisikia.

"Abee," bibi akaitikia kutoka jikoni.

Kompyuta ikanyamaza kidogo. Kisha sauti ikasema, "Njoo basi, giza linaingia."

"Nnakuja, dada."

Nikasikia choroko zikimwagika sakafuni.

Dada yake bibi alibaki Unguja wakati bibi alipoletwa huku, msichana mdogo. Hawakuonana tena, na habari ya kifo chake ilifika kwa simu kabla mimi sijazaliwa. Na ni bibi huyuhuyu aliyenifundisha, tangu sijui kufunga viatu, kwamba ukiitwa magharibi na humwoni anayekuita, usiitike. Anayeitikia, alisema, ameshakubali kwenda.

Alikuja akakaa karibu nami, mikono ina vumbi la choroko. "Mrejeshe," akasema.

Tukawa na miadi yetu kila siku baada ya alasiri. Sauti ilisema, ikanyamaza, bibi akajaza. Nilichunguza. Maelezo ya profesa yalisema ameyaondoa maswali yake ili asikike mzee peke yake, kwa hiyo mapengo yalikuwa na sababu. Niliridhika, mpaka siku ambayo bibi, katika pengo la katikati, alikiri kwamba embe za dada alizila yeye akamsingizia mbuzi. Sauti ikacheka. "Nlijua," ikasema. Kesho yake bibi akaleta jambo jingine kabisa, la kanga aliyoiunguza kwa pasi akaificha. Sauti ikacheka palepale. "Nlijua."

Nikaisikiliza peke yangu, mlango nimeufunga. Kicheko kilikuwapo, na kabla yake kile kimya, kinasubiri. Nilijikuta nimefungua mdomo. Nikaufunga.

Bibi akaanza kujifukiza udi kabla ya kuja kukaa, kama anayekwenda mwalikoni. Chai yake ilipoa mezani. Chakula alikigusa tu.

Mama alirudi mapema siku moja akatukuta. Alisimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Mama, unazungumza na nani?"

"Na dada."

"Dada yako amekufa, mama."

"Nnajua. Si nililia mimi?"

Mama akanivuta hadi chumbani kwangu. "Khalas. Andika wa maji. Bibi yako hali, halali, anangoja kuitwa. Unataka aende?"

Nilimwambia ni kanda tu, ya mtu aliyeulizwa maswali. Mama akaniachia, akaenda kuipasha upya chai ya bibi.

Siku chache baadaye nilikuwa nimeshaimaliza insha. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, ilibaki kuituma tu, na kesho yake ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi. Bibi alijua naandika, ila sikuwa nimemwambia kwamba nimemaliza. Nilikusudia kumwambia alasiri ile, tukishasikiliza kwa mara ya mwisho.

Rekodi inaishia hivi: "Haya, nenda. Ntakuita." Siku zote bibi alinyamaza hapo. Alasiri ile aliinama, mdomo ukakaribia kompyuta.

"Usinihimize, dada. Mjukuu wangu anakuandika. Akimaliza, nnakuja."

Kulikuwa na upepo tu wa huko profesa na bikizee walikokuwa wamekaa, kisha ukakatika.

Nikaenda chumbani, nikaifungua insha, nikafuta sentensi ya mwisho. Halafu nikaandika nyingine, ya profesa wa maji, kavu na yenye mpangilio mzuri, nikaituma kesho yake kabla ya adhuhuri. Walinikubali.

Bibi anakula sasa. Hataki tena kusikiliza rekodi, huuliza tu, akipita mlangoni kwangu baada ya alasiri, "Umeshamaliza?"

"Bado, bibi."

"Vizuri."

Nasafiri karibuni. Juzi nilipokuwa nafunga mizigo mama aliingia, yeye anayesema haamini mambo haya. Alikunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ile insha ya kwanza bado haijaisha.

"Haijaisha," nikamwambia.

Akaliweka shati sandukuni.