Saa kumi ya mashine

Jamani, ile siku nikiikumbuka hadi leo najifunika uso peke yangu, na nakuhadithieni nyinyi tu kwa sababu wengine wote walikuwepo wakaniona.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea katika skuli moja huku Mgogoni, mwaka wa pili sasa nasubiri ajira, na kompyuta tunayo moja tu, ambayo kila nikiondoka naisahau inawaka, na asubuhi Mzee Faki, mlinzi wetu, ananipokea getini na maneno yale yale: "Mwalimu, mashine yako imekesha tena." Nikachoka kuambiwa. Nikaona bora niipange ijizime yenyewe kila siku saa kumi alasiri, wakati wa kufunga skuli, basi nikaingia kwenye mipangilio, nikaandika 10:00, nikahifadhi, nikenda zangu nyumbani najiona mtaalamu kwelikweli.

Kesho yake ndiyo siku aliyokuja Bi Zuwena, mkaguzi, kuniangalia ninavyosomesha, na bila ya barua yake mimi ajira nitaisikia redioni tu. Mzee Faki naye akaja akakaa nyuma, karibu na soketi (alikuwa na hamu ya kuiona projekta tuliyoazima). Somo linakwenda, maneno yananitoka mfululizo, mara ukutani kikatokea kijisanduku cha maandishi ya Kiingereza, nikakiondoa bila ya kukisoma (nani ana nafasi ya kusoma mbele ya mgeni?), dakika haikwisha, pu! Mashine imezima.

Nikatazama juu, feni inazunguka. Umeme upo! Nikachomoa hiki, nikachomeka kile, sielewi hata moja, jasho linanitiririka, Bi Zuwena ananitazama na kalamu yake mkononi, na ulimi wangu huu, Mungu anisamehe, ukasema kwa sauti: "Mzee Faki, umekanyaga waya!"

"Mie?" Mzee akainua miguu yote miwili. "Wallahi mwanangu, mie s'jagusa kitu."

"Umekanyaga, Mzee, ushatuharibia somo!"

Watoto wote wakamgeukia, mzee wa watu akainama. Bi Zuwena akaja mwenyewe mbele, akabonyeza, mashine ikawaka, akapekua huku na kule, kisha akasoma: "Kuzima. Kila siku, saa nne kamili asubuhi. Aliyepanga, Mwalimu Othman."

"Si saa nne, Bi, niliandika saa kumi! Hiyo hapo, kumi!"

"Kumi ya nani, Mwalimu? Kumi ya mashine ndiyo nne yetu ya asubuhi. Ulitaka alasiri, ungeandika kumi na sita."

Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao kupunguza aibu, ila Mzee Faki hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka taratibu. Nikabaki nimesimama, sijui nimfuate au nimalize somo. Nikamaliza somo.

Barua ilikuja wiki ya pili. Bi Zuwena kaandika kwamba kosa la saa linafundishika, lakini mwalimu anayemsingizia mzee mbele ya watoto, kisha akamwacha aondoke bila ya kumtaka radhi, huyo bado. Nikenda nayo getini mkononi, nikamtaka radhi Mzee.

"Yashapita, mwanangu," akanijibu, akanisogezea kiti.

Nilikaa. Tangu hapo kitu kikizima mbele yangu, najiuliza kwanza mimi nimefanya nini, kabla sijatazama miguu ya mtu.