Viti Saba Hadi Nyarugusu

Mama yangu alikuwa hajamwona kaka yangu Maganga kwa miaka sita. Maganga anachimba dhahabu Nyarugusu, mkoani Geita. Sisi tuko Kambarage, Shinyanga mjini. Nyonga ya mama haikunjiki vizuri, na kwenye basi hawezi kukaa hata nusu saa. Ndiyo sababu mimi na mume wangu, Baba Kulwa, tulinunua gari la familia la safu tatu za viti, lililokwisha kupita mikononi mwa watu wawili. Mama angenyoosha mguu safu ya kati, na pacha wetu, Kulwa na Doto, wangekaa nyuma.

Maganga aliposikia alinipigia simu kunionya. Alisema magari hayo yana injini kubwa na spea ghali, na kwamba litatuharibikia njiani, tulale Kahama. Niliumia, kwa sababu akiba tuliyolinunulia niliipata kwa kushona miaka minne. Nikalipeleka gari kwa fundi Masanja, likakaa kwake wiki mbili. Alibadilisha mkanda wa injini na pampu ya maji, akamwaga mafuta ya giaboksi yaliyokuwa meusi kama lami, akafunga shokapu na bushi mpya za mbele, zile raba za kupunguza mtikisiko. Gharama ilikaribia robo ya bei tuliyonunulia, na Baba Kulwa alinuna siku nzima. Kabla sijaondoka, Masanja alinifundisha kisanduku cha fyuzi, kazi ya kila moja, akanipa na za akiba.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuliondoka, usukani ukiwa mikononi mwangu. Tulipita Tinde na Isaka kwenye lami nzuri. Gari lilitulia, halikuyumba hata malori yalipotupita, na mama akasinzia mguu ukiwa juu ya mto. Tulipofika Kahama nilijaza tangi. Hapo sitaficha kitu: linakunywa mafuta. Anayetaka gari la kubana matumizi asiliguse hili.

Baada ya Kahama tulikuta barabara inatengenezwa. Kabla ya Kakola magari yalisimama foleni ndefu, vumbi limetanda, tukawa tunasogea hatua kwa hatua. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilitoka pembeni, nikazima injini. Baba Kulwa alisema tutafute wa kutuvuta turudi Kahama kabla injini haijafa. Hakusema kwa ubaya. Aliogopa, kama mimi. Mama aliamka, akanitazama. Nilijua tukirudi siku ile, hatakubali tena kupanda.

Nilifungua boneti bila kugusa kifuniko cha rejeta. Nikawaza jambo moja: tulipokuwa tunakwenda kasi upepo ulilipoza gari, lakini kwenye foleni kazi hiyo ni ya feni, na feni sikuisikia ikivuma hata kidogo. Nikafungua kisanduku. Fyuzi ya feni ilikuwa imeungua. Tulisubiri karibu saa nzima injini ipoe, nikaongeza maji, nikapachika fyuzi mpya, nikawasha. Mshale ulipofika katikati, feni ikavuma.

"Limepona?" mama aliuliza.

"Limepona, mayu," nilijibu, kwa neno letu la Kisukuma la kumwita mama.

Baba Kulwa alijicheka kwa woga wake mpaka Kakola.

Saa tisa alasiri tuliingia Nyarugusu. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalikuwa yananguruma kila upande. Maganga alitoka chumbani kwake, akasimama kama asiyeamini, kisha akapiga goti mbele ya mlango wa gari.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba," mama alijibu, akamshika kichwa kwa mikono miwili, na hakumwachia upesi.

Baadaye Maganga alichukua tochi yake ya kuchimbia akajilaza chini ya gari. Alitafuta mafuta yanayovuja, akatikisa magurudumu ya mbele, akatoka na vumbi mgongoni. Aliniambia alikosea, na akaniomba nimweleze yote aliyofanya Masanja.

Jioni, tukila ugali na sato, alimweleza mama kwa nini hakurudi. Kila mwaka alingoja apate, ili asije nyumbani mikono mitupu, na kila mwaka mwamba ulimnyima.

"Sikufuata dhahabu huku," mama alisema. "Nimekuja kukuchukua."

Asubuhi Maganga alifunga begi moja. Alikaa nyuma kabisa na pacha, magoti yakikaribia kidevu, akiwasimulia habari za shimoni. Kwenye foleni ileile mshale haukutikisika. Tuliingia Kambarage jua likiwa bado juu.

Jumatatu Masanja alilikagua akakuta vumbi tu. Nilichojifunza ni kwamba gari lililokwisha tumika lina bei mbili: ya kulinunua na ya kulirudisha katika afya. Anayelipa ya kwanza peke yake atalitukana gari bure. Mimi nililipa zote mbili, na sijuti. Asubuhi hiyo mama aliita jina la Maganga kutoka chumbani kwake, naye akaitika akiwa uani.