Mtoto wangu ana sickle cell lakini haugui sana, ukoo ukasema si wangu

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Hii imetokea kwangu hapa mtaani Migosi na sitatia chumvi.

Niko na wasichana wawili, Adhiambo na mdogo wake Akinyi. Wote wana sickle cell. Mimi na mama yao ni carrier, yaani tunaibeba kwa damu bila kuugua.

Adhi ameteseka. Baridi ikiingia tu, mifupa inamuuma, analia mpaka sauti inaisha.

Akinyi anaruka kamba. Wodi haijui.

Sasa Waya, yaani shangazi yangu wa Asembo Bay, akaja kututembelea. Akala samaki ya mke wangu mpaka kichwa, halafu akasema watoto wakisikia: "Ugonjwa ni moja, mbona huyu hagonjeki? Huyu ana baba yake mahali. Rudisheni kwa kina mama yake."

Mke wangu akaenda jikoni kuosha vyombo ambazo zilikuwa zimeshaoshwa. Hiyo iliniuma sana.

Na kwa WhatsApp ya ukoo watu wakaunga mkono. Watu wako na digrii, bana.

Tukaenda kwa daktari wa clinic. Akatupima damu sote wanne, sampuli zikapelekwa maabara kubwa. Majibu yakarudi.

Akatueleza pole pole. Mtoto akiwa tumboni ana damu ya kitoto, na hiyo haipindiki kama ya sickle. Akishazaliwa, kuna jeni inaifunga. Lakini hiyo jeni haijiwashi. Kuna kipande cha DNA nje yake ndiyo swichi. DNA ni uzi mrefu umekunjwa, na vile unakunjwa ndiyo inaleta swichi karibu na jeni, ndio iiwashe.

Swichi ya Akinyi ni dhaifu, kwa hivyo hiyo jeni haikuwaka vizuri. Damu ya kitoto haikufungwa yote, na hiyo ndiyo inamkinga. Sickle yake ni ile ile ya Adhi.

Mke wangu akauliza Akinyi ameitoa wapi hiyo swichi dhaifu.

Mama hana. Adhi hana, hakubahatika kuirithi. Mwenye nayo ni mimi.

Nikampigia Waya simu nikamweleza yote. Ati akasema, "Si unaona, damu yetu ni ngumu." Sahi Akinyi anatumiwa salamu kila siku. Mke wangu hajaambiwa hata pole.

Mimi nimejifunza kitu moja: mdomo wa ukoo ukikosa mtoto wa kukataa, utatafuta mwingine.

Kwa sababu jana Adhi, baada ya kusikia hizo sifa za damu yetu, ameniuliza kama basi yeye ndiye si wetu.

Wazazi mliopitia hii, mlijibu mtoto aje?