Kondoo wa Mahari Aliyekataa Kunona

Miaka ya hamsini, kwetu nje ya Nakuru, hukupewa mke bila kondoo dume aliyenona. Wangu nilimfungia kibandani, nikamlisha majani ya viazi vitamu na magadi, naye akazidi kukonda. Nilikagua lishe yake mara mbili mbili, hakuna kilichopungua.

Daktari wa mifugo niliyemwita akacheka. "Hata ukimlisha shamba zima, bwana! Udongo wa huku hauna madini ya kobalti, na bila hayo tumbo la kondoo halifaidi majani. Hayo magadi hayasaidii." Akamsukumia kooni kidonge kizito, kikae tumboni kiyeyuke polepole.

Kesho yake nilikikuta chini. Mjinga yule alikuwa amekitema akicheua! Nikamrudishia, nikamfumba mdomo huku nikimtukana.

Siku ya mahari baba mkwe akaminya mkia wa kondoo, mahali mafuta hukaa.

"Kijana, hii ni kondoo ama ni kamba?"

"Mzee, dawa iko tumboni tayari."

"Vizuri. Basi msichana atangoja hapa mpaka dawa ifike mkiani."

Nikaomba tukubaliane nusu ya mkia. Akasema mkia wa mahari haupunguzwi bei, nami nikamkokota kondoo wangu kurudi nyumbani.